Nimepikia mkaa wa makaa ya mawe miezi miwili hapa Songea: maoni yangu yote, na habari ya msitu uliomo ndani ya mfuko

Wadau habari zenu. Naandika hii kwa sababu kila nikienda dukani nakuta mtu anauliza hivi ule mkaa wa makaa ya mawe unafaa kweli au tunapoteza hela, afu anayemjibu ni mtu ambaye hajawahi hata kuuwasha. Mimi nimeupikia miezi miwili, kila siku isipokuwa Jumapili, kwenye kibanda changu cha chakula hapa Songea, kwa hiyo ninachosema nimekiona na nimekishika. Jina la kiwanda na la duka siyataji, sijaja kumharibia mtu biashara, na mengi nitakayosema yanahusu makaa ya mawe yenyewe, angeyatengeneza nani yangekuwa hivohivo.

Kingine mnivumilie kidogo. Kabla sijaingia kwenye mapishi nilisoma jiolojia, na hiki mnachokinunua kwenye mfuko najua kilipotoka, siwezi kukizungumzia kama nazungumzia mtungi wa gesi. Humo ndani kuna msitu, na nikimaliza kuwaelezea yaliyoupata huo msitu mtaelewa kwanini mwishoni nimetoa ushauri niliotoa.

Tuanze na mfuko. Nilinunua wa kilo 10, elfu kumi, umeshonwa vizuri, ndani vipande (ndo briketi zenyewe) vyenye umbo kama la kimto kidogo vinavyojaa kwenye kiganja. Vinasagwa kutokana na makaa ya mawe, vinachanganywa na kitu cha kuvishikiza afu vinakandamizwa na mashine. Mfuko wa kwanza vilikuwa vizima karibu vyote. Wa pili nilikuta chini kuna unga mwingi, nikakadiria kama robo ya mfuko, nikaurudisha dukani na kaka wa pale akanibadilishia bila kelele, hapo nampa hongera zake. Mkinunua bonyezeni mfuko kwa chini kabla hamjalipa, mkisikia unga unga mwambie akupe mwingine.

Kuwasha ndo panapowashinda wengi. Huu hauwashwi kama mkaa wa miti kwamba unamwaga mafuta ya taa kidogo, unapepea dakika tano umemaliza. Unataka moto wa chini ulioshika vizuri, mimi naweka kwanza mkaa wa kawaida kiganja kimoja na vijiti vikavu, ukishakuwa mwekundu ndo napanga vipande juu kwa kuachanisha hewa ipite, na naacha nje kabisa uwanjani dakika 20 mpaka 25 mpaka moshi uishe. Ukiukimbiza kuuingiza ndani kabla haujashika utajaza nyumba moshi wenye harufu ya kiberiti, ile ni salfa iliyomo kwenye makaa ya mawe, na macho yatawasha siku nzima. Jirani yangu alijaribu siku moja akaacha palepale, akaniambia dada huo mkaa wako ni wa treni sio wa jikoni. Nilipomuonyesha kuusubiri nje akaelewa, saivi anautumia kwa kongoro.

Sasa joto. Joto ni la uhakika kwakweli, hapa sina cha kulalamika. Sufuria la maharage la kilo nne, maharage ya Mbinga yale mekundu, nikiyaloweka usiku nayapika kwa kujaza jiko mara moja tu, siongezi, na yakishaiva moto bado unabaki wa kuchemshia maji ya kuoshea vyombo. Kwa mkaa wa miti kazi hiyohiyo nilikuwa najaza jiko mara mbili na sa ingine ya tatu kama mkaa ni wa mti laini. Makande ndo usiseme. Ila kwa chai ya asubuhi na chapati haufai hata kidogo, chai inachemka dakika kumi afu moto unaendelea kuwaka masaa matatu hauna kazi, na kwa chapati joto haulipunguzi unavyotaka wewe, nimeunguza za kutosha mpaka nikarudi kwenye gesi kwa vitu vya haraka.

Hapa ndo nataka niwaambie kuhusu jiwe.

Shemeji yangu anaendesha lori la makaa ya mawe, yale malori mnayoyaona yanapita hapa mjini kutoka Ngaka kule Mbinga kuelekea bandari ya Mtwara. Mwezi wa kwanza nilipoanza kutumia huu mkaa nilimwomba aniletee kipande cha lile jiwe la kijivu linalokaa juu na chini ya tabaka la makaa, lile wanalolitupa, maana nilijua mara nyingi hapo ndo majani yanapoonekana. Akaniletea vipande vitatu kwenye mfuko wa rambo, viwili havina kitu, cha tatu kina jani. Refu kama kiganja na vidole, limechongoka kidogo, lina mshipa mnene katikati na mishipa midogo pande zote imeungana kama wavu. Nililijua palepale. Glossopteris. Nililia jamani, sioni aibu kusema, nilikuwa nimeliona kwenye picha za darasani na kwenye kabati la chuo lakini sio mkononi mwangu, tena limetoka njia ileile inapotoka nishati ninayopikia maharage.

Hilo jina linatokana na neno la Kigiriki la ulimi, kwa sababu ya umbo la jani, alilipa Mfaransa Adolphe Brongniart mwaka 1828. Ulikuwa mti, mti mkubwa wa mbegu, uliotawala nusu yote ya kusini ya dunia wakati Afrika, India, Australia, Antaktika na Amerika Kusini zimeshikana kuwa bara moja la Gondwana. Huku kwetu tulikuwa karibu na ncha ya kusini kuliko tulivyo leo, kuna majira ya baridi, na majani yalikuwa yanapukutika kwa wingi. Mizizi yake ilikuwa na vyumba vyumba vya hewa ndani, ndo maana iliweza kusimama kwenye matope ya kinamasi ambapo mti mwingine ungeoza. Majani yanaanguka kwenye maji yasiyo na hewa, hayaozi, yanalaliana mwaka hadi mwaka, baadae mchanga na matope yanayafunika na kuyakandamiza, na baada ya muda mrefu sana unapata makaa ya mawe. Ya Ngaka, Mchuchuma na Kiwira ni ya mwanzo wa zama za Permi, kama miaka milioni 280 hivi iliyopita. Ni jani hilohilo ambalo kundi la Kapteni Scott, yule Mwingereza aliyekwenda ncha ya kusini ya dunia, walilibeba kwenye mawe yao kule Antaktika mwaka 1912, wakiwa na njaa na baridi wamekaribia kufa hawakuyatupa, wenzao walipoikuta hema yao miezi kadhaa baadae walikuta kama kilo 16 za mawe na maiti.

Kwa hiyo ukiwasha kipande kimoja unaachia jua lililowaka juu ya Ruvuma miaka milioni 280 iliyopita, na mimi naliona hilo kila nikipepea.

Lakini huu msitu uliishaje? Hili ndo swali lililonikaa kichwani miezi yote miwili, na nimesoma sana jioni baada ya kufunga kibanda.

Mwisho wa zama za Permi, kama miaka milioni 252 iliyopita, ilitokea kutoweka kwa viumbe kukubwa kuliko kote kunakojulikana. Volkano za Siberia zilimwaga lava kwenye eneo la mamilioni ya kilomita za mraba, hewa ukaa ikajaa angani, dunia ikapata joto baya, bahari za tropiki baadae zilifika karibu nyuzi 40. Baharini spishi zaidi ya 8 kati ya 10 zilipotea. Nchi kavu wanyama wengi walikwenda, wakiwemo wengi wa jamii ya wale ambao mifupa yao inachimbwa hapahapa kwetu bonde la Ruhuhu, kwenye mawe ya Usili. Hayo yote watu wanayasimulia. Mimea ndo inayosahaulika, na mimea ndo ninayoichoma.

Kuhusu mimea wataalamu wamebishana na bado wanabishana, na nikiri nilikuwa upande mmoja mwanzoni nikahama. Mwaka 2019 Hendrik Nowak, Elke Schneebeli-Hermann na Evelyn Kustatscher walitoa utafiti wakahesabu mimea ya dunia nzima kwa majani na kwa chavua na spora (spora ni vumbi la uzazi la mimea isiyo na mbegu), wakasema kwa nchi kavu hakukuwa na kutoweka kwa mimea kwa kiwango kile cha baharini. Hasara iliyoonekana kwenye majani ya visukuku, yaani yaliyohifadhiwa kwenye mawe, ilikuwa kubwa kuliko iliyoonekana kwenye chavua, maana yake sehemu ya hasara ni kwamba mawe ya kuhifadhi majani ni machache kipindi hicho. Makundi makubwa ya mimea yalivuka karibu yote. Ukisoma hapo unaweza kusema basi, mimea ilipona, tuendelee.

Afu mwaka huohuo 2019 Chris Fielding na wenzake wakatoa kazi yao ya bonde la Sydney, Australia, kwenye makaa ya mawe kama haya yetu, msitu kama huu wetu. Kule kuna mahali pa juu ya tabaka la mwisho la makaa ambapo Glossopteris inakatika, haipungui pole pole, inakatika. Na walipopima umri wakakuta msitu ulianguka kama miaka 370,000 kabla bahari haijafikia kilele cha maafa yake. Msitu ndo ulitangulia. Chavua zilizokuja juu yake ni za mimea mingine, na kwenye maziwa na mito ya kule mwani na bakteria walichanua mpaka maji yakawa sumu, kwa sababu hakuna mizizi ya kushika udongo, rutuba yote inaingia majini na joto nalo lipo.

Nimekaa na hizo tafiti mbili wiki nzima nikaona hazigombani, zinahesabu vitu viwili tofauti. Mmoja anahesabu majina ya koo, mwingine anahesabu msitu wenyewe, kivuli, mizizi, uzito wa majani. Chukulia kijiji ambacho kila ukoo umebakiza mtu mmoja. Ukihesabu koo zote zipo. Ukiingia kijijini hakuna anayelima, hakuna anayepika, nyumba zimeanguka. Koo za mimea zilivuka, msitu haukuvuka, na mimi kwa upande wangu nasema hayo ni maangamizi hata kama daftari la majina limejaa.

Ushahidi wa kutokuwepo kwa msitu unaonekana hata kwenye mito. Kule Karoo, Afrika Kusini, Peter Ward, David Montgomery na Roger Smith walionyesha mwaka 2000 kwamba mito iliyokuwa inapinda pinda taratibu kwenye kingo zilizoshikwa na mizizi ilibadilika ghafla ikawa mito ya mchanga inayogawanyika gawanyika na kuhama hama. Sisi wa huku tunalijua hilo bila kufundishwa, nenda sehemu waliyokata miti yote ya mtoni afu rudi baada ya masika mbili uangalie mto umekuwaje.

Na kuna kitu cha chavua ambacho kilinigusa kuliko vyote. Kwenye mawe ya kipindi hicho, sehemu mbalimbali za dunia, wanakuta chavua na spora zenye kasoro, nyingine zina mabawa zaidi ya kawaida, nyingine zimeshindwa kuachana zikabaki nne nne. Mwaka 2018 Jeffrey Benca, Ivo Duijnstee na Cindy Looy pale Berkeley, Marekani, walichukua misonobari midogo wakaiweka chini ya mionzi mikali ya urujuanimno, kuiga dunia ambayo volkano zimeharibu tabaka lake la ozoni, lile linalozuia hiyo mionzi ya jua. Miti haikufa. Ila chavua zenye kasoro ziliongezeka sana, na koni za mbegu zilikauka zote, mti mzima unasimama kijani lakini hauzai. Walipoitoa nje baadae ikaanza tena kutoa koni nzima. Fikiria msitu mzima wa namna hiyo, umesimama, unapumua, na hauna mtoto. Kizazi kinapita, kingine hakiji. Sio lazima moto, sio lazima mafuriko. Nikiwa nasoma hiyo niliangalia lile jani kwenye rafu nikalifunika na kitambaa, sijui hata kwanini.

Turudi kwenye jiko, tuongelee majivu, maana hili ni lalamiko la haki kabisa na linahusiana.

Majivu ya huu mkaa ni mengi. Mkaa wa miti unabakiza vumbi jeupe kidogo, huu ukimaliza unakuta vipande vimebaki na umbo lake lakini ni majivu matupu, yanaziba wavu wa jiko, hewa haipiti na moto unazimia chini. Natoa majivu mara mbili kwa siku. Na msiyamwage kwenye bustani ya mboga kama mlivyozoea kumwaga ya kuni, majivu ya makaa ya mawe yana madini mazito, mimi natia kwenye mfuko napeleka dampo. Kwenye jiko la kawaida la bati unapata shida, nilinunua jiko lenye wavu wa chuma cha kumimina na kidroo cha majivu chini, hapo ndo mambo yakawa mepesi. Hesabuni na bei ya jiko kabla hamjasema ni nafuu.

Sasa majivu hayahaya, yale mepesi yanayopaa, yameshakutwa kwenye mawe ya mwisho wa Permi. Mwaka 2011 Stephen Grasby, Hamed Sanei na Benoit Beauchamp walitangaza kwamba kwenye Aktiki ya Kanada, kwenye mawe ya chini ya bahari ya zamani, kuna chembechembe zinazofanana kabisa na majivu yanayoruka kutoka kwenye mitambo ya leo ya makaa ya mawe. Zimetoka wapi? Siberia, lava ilipanda kupitia bonde la Tunguska ambalo lina matabaka mengi ya makaa ya mawe, ikayachoma, majivu yakapaa yakavuka na kutua baharini. Na mwaka 2020 Lindy Elkins-Tanton na wenzake wakaonyesha mawe ya volkano kutoka Siberia kwenyewe yana vipande vya makaa na kuni vilivyoungua. Yaani misitu ya zamani iliyokuwa imelala chini ya ardhi kule kaskazini ilichomwa na lava, moshi wake ukawa sehemu ya kilichoua misitu iliyokuwa hai juu. Kila nikikung'uta lile droo la majivu nawaza hilo, na kwa hili sina lugha laini, tunachoma kitu ambacho kilishawahi kuchomwa mara moja kwa wingi na matokeo yake yameandikwa kwenye mawe.

Jiko langu moja haliwezi kufanana na Siberia, najua. Na najua pia mkaa wa miti nao una gharama yake, milima inayoizunguka Songea inazidi kuwa mitupu, serikali ilishasema taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa tangu mwisho wa Januari 2024, shule nyingi hazina hela ya gesi ya kupikia wanafunzi mia sita, kwao hizi briketi ni njia. Mimi sisemi msinunue. Nasema mjue ni nini.

Kuna jambo moja ambalo wauza duka wakilijua wangeuza huu mkaa kwa heshima zaidi. Baada ya Glossopteris kuondoka, makaa ya mawe yaliacha kutengenezwa duniani. Kote. Mwaka 1996 Gregory Retallack, John Veevers na Ric Morante waliandika kuhusu hilo pengo, Triasi ya mwanzo yote (Triasi ndo zama zilizofuata Permi) hakuna tabaka la makaa linalojulikana popote, na yalipoanza tena Triasi ya kati yalianza membamba. Ni kama miaka milioni 10. Maelezo waliyotoa ni kwamba mimea iliyokuwa inajua kuishi kwenye kinamasi na kulundika majani ilikuwa imekwisha, ikabidi dunia isubiri mimea mingine ijifunze ile kazi upya. Vinamasi vilikuwepo, mvua ilikuwepo, fundi ndo hayupo.

Aliyebaki ni nani? Mimea midogo migumu. Pleuromeia ndo maarufu, shina moja lisilo na matawi, sio refu, kichwani koni, ilisambaa karibu dunia nzima mahali ambapo misitu ilikuwa imesimama. Ukiona picha zake unaona kabisa ni mmea wa mahali palipoharibika. Huku kusini baadae akaja Dicroidium, jani lake limegawanyika mara mbili kama uma, akachukua nafasi ya Glossopteris Gondwana nzima. Watu walidhani Dicroidium alizaliwa baada ya maafa. Kumbe alikuwepo zamani. Kwenye mawe ya Umm Irna, pembeni ya Bahari ya Chumvi nchini Jordan, Patrick Blomenkemper, Hans Kerp, Abdalla Abu Hamad na wenzao walitangaza mwaka 2018 kwamba Dicroidium yupo pale kabla ya maafa, kwenye nchi ya tropiki, pamoja na mabaki ya zamani kuliko yote ya jamii ya podo.

Podo huyuhuyu jamani. Podo wa Usambara, podo wa milima yetu ya kusini, podo wa mbao za dari na makabati ya bibi zetu. Ukoo wake ulikuwepo kabla ya ile miaka mibaya, ukakaa mahali pake pa joto bila kujulikana sana, ukavuka. Glossopteris aliyetawala nusu ya dunia hakuvuka. Mama yangu ana kabati la podo tangu kabla sijazaliwa, nilimpigia simu nikamwambia mama kabati lako lina ukoo wa zamani kuliko unavyodhani, akanisikiliza mpaka mwisho afu akaniuliza kwani wadudu hawawezi kulila. Nikamwambia mama wanaweza, lipake dawa.

Na sio kila mahali palikuwa jangwa. Mwaka 2025 ulitoka utafiti wa Xinjiang, China, sehemu inaitwa South Taodonggou, wanasema pale mimea iliendelea, kwa hesabu ya spora na chavua spishi zilizopotea ni kama asilimia 21 tu, palikuwa na maji na kijani wakati kwingine pamekauka, na wanyama walirudi mapema kuliko kwingine. Nilipenda kusoma hilo. Misitu ya mvua ya kusini mwa China wakati huohuo ilikwenda na haikurudi kwa muda mrefu, kwa hiyo ilitegemea ulikuwa wapi.

Haya, usalama, hili sitalipita haraka. Huu mkaa ukishashika hauna moshi unaouona, na hapo ndo hatari ilipo, unatoa kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi. Msiingize ndani ya chumba cha kulala kuota moto, najua Juni na Julai huku kwetu baridi inauma, Mbinga na Njombe ndo kabisa, lakini msifanye hivo hata kama mlango uko wazi kidogo. Mimi jiko liko kwenye kibanda kilicho wazi pande tatu. Shirika la Afya Duniani tangu 2014 linashauri makaa ya mawe ghafi yasitumike kabisa majumbani, kwa hiyo wale wanaookota mabonge yanayodondoka kwenye malori barabarani wakapikie ndani, acheni, tafadhali. Hata hizi zilizotengenezwa mimi nasema ni za nje tu.

Masufuria yanapata masizi mazito kuliko ya mkaa wa miti, pakeni udongo au sabuni kwa nje kabla ya kubandika. Mvua ikiupata mfuko vipande vinameguka, hifadhini juu ya mbao sio sakafuni. Nyama choma haiwezekani, harufu inaingia kwenye nyama, mteja wangu mmoja alirudisha sahani na alikuwa sahihi.

Kwa ujumla nautathmini nyota tatu na nusu kati ya tano. Joto na muda wa kuwaka unastahili zote tano, majivu na kuwasha vinaushusha, na duka lilinihudumia vizuri. Anayepika maharage, makande, kongoro, mihogo mikavu, anayechemsha maji ya watu wengi, na ana sehemu ya wazi, anunue. Wa chai, mayai na chapati asinunue, mtu anayewasha briketi sita kuchemsha birika moja anateketeza majani ya mti uliokwisha, na mimi roho inaniuma nikiona.

Nilichobadilisha mwenyewe ni kwamba napika vya muda mrefu vyote kwa moto mmoja, siku mbili tu kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, maharage yakishuka makande yanapanda, makande yakishuka maji. Mfuko uliokuwa unaisha siku tisa saivi unafika siku kumi na saba. Lile jani nimeliweka kwenye rafu ya juu karibu na dirisha la kuuzia, watoto wa shule wakija kununua mihogo wanaliomba, wanalipitisha mkononi, wengine wanapima kidole chao kwenye mshipa wa katikati. Shemeji kasema akipata jingine ataleta, nimemwambia alifunge kwenye nguo, lisigongane na mengine.